Kambale ni Mtoto wa Pili

Siku ya pili ya kufunga, kabla ya saa sita mchana, miguu yangu ilianza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha maombi, mama yangu kando yangu. Naye alikuwa amefunga. Alikuwa ameamua kukaa siku tatu bila kula wala kunywa pamoja nami, ili sumu initoke. Nilitaka kumwambia kwamba naona giza, lakini ulimi ulikuwa mzito. Ninachokumbuka ni mikono yake chini ya makwapa yangu, na sauti yake, ambayo hata siku za kawaida siisikii vizuri, ikiniita kutoka mbali.

Naanza hapo kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani, Goma au Butembo au Bukavu, anayedhoofika bila kujua kwa nini, na watu wanaompenda wanamwambia afunge. Kama ni wewe, kula kitu kwanza, halafu urudi usome.

Naitwa Kambale. Nina miaka ishirini na saba. Nilisoma sosholojia, na nyumbani wanasema chuo kikuu kiliniharibu, kwa sababu mtu akisema mvua inakuja namwuliza amejuaje. Masikio yangu yalianza kuniacha nikiwa shule ya msingi. Mwalimu alifikiri ni kiburi, akanihamishia dawati la nyuma kama adhabu, na huko ndiko nilikojifunza kusoma midomo ya watu, kabla sijapata kifaa cha kusikilizia. Kila asubuhi niliamka nimelowa jasho, baridi mwilini, mikono ikitetemeka, na nikishakunywa chai na mkate nilikuwa mzima tena. Sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtu huamka hivyo.

Shangazi yangu Masika, dada mkubwa wa baba, anauza vitenge Birere, mtaa wa soko hapa Goma. Tangu utoto mama hakuniruhusu kula kwake, na hakusema sababu. Nilipoanza chuo nikawa napita kwa shangazi kila mchana bila kumwambia mama. Alinipikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, au viazi na maharagwe, nyuma ya kibanda chake, akasimama mbele yangu mpaka nimalize.

"Ongeza," alikuwa akisema. "Ukikonda hivi, bakiliya wanaonunua kwangu watasema Masika haitunzi hata mutoto wa ndugu yake."

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba maneno ya chuo. Tumbo iko tupu."

Miaka ile ya chuo ilikuwa mizuri kwa mwili wangu, na sikujua ni kwa sababu gani. Halafu jirani yetu wa mtaani Katindo aliniona pale Birere na sahani mkononi, akamwambia mama.

Mama hakupaza sauti. Alikaa chini, akauliza ni tangu lini. Nilipomwambia, alisema neno moja: karuho. Kwetu Kivu hiyo ni sumu ya polepole. Inatiwa katika chakula au kinywaji, na mtu anaisha kidogo kidogo, bila kuweza kumtaja aliyemlisha. Mama alianza kuhesabu kwa vidole: masikio, wembamba wangu, mikono inayotetemeka. Yote yalikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa na kibanda Birere.

Nilicheka. Nilimwambia kwamba masikio yalianza kabla sijala hata kijiko kwa shangazi. Lakini tangu siku ile sikupita tena kwake. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingi, kwamba Birere ni mbali, kwamba pikipiki ni nyingi mno barabarani. Mimi ninayeuliza kila kitu sikujiuliza jambo hilo. Sasa nilikuwa nakunywa chai asubuhi na kula tena jioni, na katikati hakuna kitu. Kila wiki niliyokaa bila chakula cha shangazi nilizidi kudhoofika, na kila nilivyodhoofika mama alizidi kuwa na hakika juu ya shangazi.

Ndipo kikaja kikundi cha maombi na zile siku tatu. Nilikubali kwa kiburi, si kwa imani. Nilifikiri nikimaliza na hali yangu ikiwa ileile, mama atachoka na kuniacha. Sikumaliza.

Hospitalini muuguzi alinichoma kidole, akatazama kimashine chake cha kupimia sukari, akamtazama mama. "Huyu alikula lini?" Hilo nililisoma midomoni mwake, kwa sababu nilikuwa nimeanza kurudi, walikuwa tayari wamenitundikia maji ya sukari. Ni jambo la ajabu kurudi hivyo. Hakuna maumivu. Ni kama mtu anafungua dirisha. Mama alikuwa amesimama kwenye kona, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, midomo imekauka. Muuguzi akampa kikombe cha chai, naye akakikataa. Alikuwa bado amefunga. Muuguzi akamshikia kikombe mdomoni kama mtoto, na mama akanywa.

Baada ya hapo ulianza wakati wa mabenchi. Yeyote aliyeugua ugonjwa usio na jina analijua benchi. La kwetu lilikuwa la mbao, limeng'aa katikati kwa makalio ya watu, likitazama ukuta wenye tangazo la chanjo. Ilikuwa miezi ya kiangazi, vumbi jeusi la mawe ya volkano likiingia hata ndani ya faili. Nilipimwa malaria, typhoid, figo, ini, kifua. Kila majibu mazuri yalimkatisha mama tamaa. Alitaka kitu kionekane.

Wa kwanza kuniuliza maswali mengi kuliko mimi mwenyewe alikuwa daktari mmoja mwanamke, aliyetoka Kinshasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea na magongo. Aliuliza kuhusu masikio. Aliuliza kuhusu asubuhi. Nilipomweleza lile jasho aliacha kuandika, akanitazama.

"Uko mutoto wa ngapi nyumbani?"

"Wa kwanza," nikasema.

Mama Kavira, muuguzi aliyekuwa anapanga vichupa dirishani, aligeuka. Yeye ni wa Butembo kama sisi. "Kambale wa kwanza ya wapi? Dokta, uandike wa pili."

Daktari hakuelewa. Mama Kavira akamweleza kwamba sisi Wanande tunampa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana majina yake, wa pili ana yake. Hakuna anayeitwa Kambale bila kutanguliwa.

"Mwenyewe unajua," akaniambia, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwingine afunge kifungo. "Nani alikutangulia?"

Nilijua, bila shaka. Kila Mnande anajua maana ya jina lake. Lakini nyumbani hatukumhesabu, na mimi nilikuwa nimejibu swali hilo hivyohivyo maisha yangu yote.

"Paluku," nikasema. "Alikufa akiwa mdogo. Sijui kwa nini."

"Uulize," akasema daktari.

Siku hiyo alichukua damu yangu, na wiki iliyofuata ya baba na mama, ipelekwe ng'ambo kwa watu wanaosoma mambo ya ukoo ndani ya damu. Mama alitoa mkono bila kuuliza. Alidhani wanatafuta sumu.

Nilimwuliza habari za Paluku siku ya Jumamosi, akichambua maharagwe uani. Alisema niache kuchimba makaburi. Niliendelea kukaa. Baada ya muda akasimulia, bila kunitazama, hata ikanibidi niiname kuiona midomo yake.

Walikuwa wakiishi Butembo. Paluku alikuwa na miezi sita. Mama alikwenda sokoni na mzigo wa vitunguu, akamwacha mtoto na wifi yake Masika, ambaye wakati huo hakuwa ameolewa. Aliporudi mchana, mtoto alikuwa amelegea, ngozi ya baridi, amelowa jasho. Alikufa kabla hawajafika zahanati. Asubuhi alikuwa mzima.

"Asubuhi alikuwa muzima, Kambale. Nilimwachia yeye mutoto muzima." Akatupa jiwe dogo nje ya sinia. "Sasa uniambie wewe wa chuo. Mutoto alipata nini kwa ule mwanamuke?"

Nilikuwa nimeshika maneno mawili: jasho na baridi. Nilijua jinsi yanavyohisi.

Jumatatu nilikwenda Birere, mara ya kwanza baada ya karibu mwaka. Shangazi aliniona, akaendelea kumpimia mteja kitenge mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwenye diplome amepotea njia."

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nyinyi watu wa kwa ndugu yangu munaniogopa tangu zamani. Nilishazoea. Umekula?"

"Bado."

"Basi kaa."

Nilikula. Nikamwuliza siku ile ya Butembo ilikuwaje. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Alikuwa analala," akasema. "Mama yake aliondoka, akalala. Nilifurahi, mutoto analala vizuri, sitamwamsha. Jua likapanda, bado analala. Hakuna kitu ingine. Nilimwacha alale."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeanza kuogopa majibu yatakayotoka ng'ambo, na si kwa ajili yangu.

Daktari aliniandikia matibabu kabla majibu hayajafika: kula kila baada ya saa tatu, vidonge vya vitamini, na kabla ya kulala kikombe cha maji baridi kilichokorogwa unga mweupe laini wa mahindi, ule wa kufanya supu iwe nzito, bila kuupika. Una ladha ya chokaa. Lakini asubuhi ya nne niliamka mkavu. Nililala pale nikiigusa shuka, na nikalia kidogo, kwa sababu ya shuka kavu.

Mvua zikaanza. Halafu ikaja ile wiki ya mabomu, mji ulipotekwa na wenye silaha. Tulilala kwenye korido sisi watatu, magodoro dirishani, maana sisi wa Katindo tuko karibu na kambi ya jeshi. Sikusikia milio mingi. Niliihisi sakafuni, kifuani. Mama alikuwa amejaza biskuti katika mifuko ya koti la baba, na kila saa tatu alinigusa bega. Bado hakuamini kwamba ni njaa inayonidhuru. Lakini aliona kwamba chakula kinanisaidia, na hilo lilimtosha kutambaa mpaka jikoni na kurudi na uji. Ukiniuliza mapenzi ni nini, sina maelezo mengine.

Kisha benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, betri za kifaa changu cha kusikilizia zikaisha na hazikupatikana mpaka mtu alipovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Wiki tatu niliishi katika ukimya kamili. Nilifikiri damu yetu imepotea njiani. Haikupotea, ilikuwa imeondoka kabla. Mvua za masika zilipokuwa zinakwisha daktari alinitumia ujumbe: njoo, njoo peke yako kwanza.

Sitaeleza nisiyoyaelewa. Alisema hivi. Mwilini kuna majiko madogo mno yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Kuna jeni nyingi zinazosaidia kuyajenga, na moja inaitwa MRPS2. Kila mtu ana nakala mbili. Zangu zote mbili zina kasoro, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Wao kila mmoja ana nakala moja nzuri, ndiyo maana ni wazima. Jiko langu linawaka kwa makaa machache, kwa hiyo halivumilii kukaa bila kuni. Ndilo pia lililonichukulia masikio.

"Umejuaje kwamba si kitu kingine?" nikauliza.

Alitabasamu. "Sijui yote. Hii inaelezea masikio, inaelezea sukari kushuka, na unapata nafuu ukila. Wenye ugonjwa huu wanaojulikana ni wachache. Tutaendelea kukutazama."

"Inapona?"

"Hapana. Inatunzwa."

"Na Paluku?"

Alirudisha majibu katika bahasha, akanipa. "Siwezi kusema juu ya mutoto sikumuona. Damu yake hatuna. Inawezekana. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikala ndizi mbili njiani. Nilikuwa nimeishi nikitaka ukweli kutoka kwa kila mtu, na sasa nilikuwa nao katika bahasha na sikuutaka. Ungemtoa shangazi katika tuhuma ya sumu. Papo hapo ungemwambia mama: ni kutoka kwako. Na ungemwambia shangazi: ule usingizi uliouacha uendelee, huenda ndio uliomchukua Paluku. Nilifikiria kusema nusu. Nilifikiria kusema ni kirusi. Lakini mama alikuwa tayari ametaja tarehe ya maombi mengine, mara hii ya kunifungua kutoka mkono wa Masika, na nilijua uongo wowote nitakaousema utaacha mlango huo wazi.

Nilisema yote, mezani, kwa mpangilio ambao daktari alinieleza. Baba, ambaye miaka thelathini ya kusafirisha maharagwe kati ya Butembo na Goma imemfundisha kunyamaza, alisukuma sahani yake.

"Basi ni mimi," akasema mama. "Mimi ndiye niliwapa."

"Ni sisi," akasema baba. "Amesema moja kwangu, moja kwako. Usichukue yote."

"Hakuna aliyetupa kitu kwa kupenda, mama. Hamkujua mnacho."

Hakunisikiliza. Alikuwa anafikiria jambo jingine, niliona kwenye taya yake. "Na Masika?"

"Anasema Paluku alilala tangu ulipoondoka. Alifurahi kwamba analala vizuri. Hakumwamsha ale."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kilio. Mama aliangalia mikono yake.

"Nami nilikuwa namwacha," akasema. "Siku zingine analala mpaka jua kali, na mimi nafurahi, napata kufua. Namwambia Mungu asante, umenipa mutoto mutulivu." Akairudisha sahani mbele ya baba. "Ingeweza kutokea siku yangu."

Zikapita siku tatu. Hakutaja tena maombi. Alinipa chakula changu kwa saa zake, akanywa chai yake amesimama. Siku ya nne alivaa kitenge cha kanisani, siku ambayo haikuwa ya kanisa, akaniambia nimsindikize.

Shangazi alituona tangu mbali. Alisimama, mkono mmoja kwenye rundo la vitenge, kama mtu anayelizuia lisianguke. Nilikuwa tayari nimemweleza habari ya bahasha siku mbili kabla, yote, na alikuwa amesikiliza bila kunikatiza, kisha akaniambia niende zangu. Sasa sikujua atasema nini.

"Mama Kambale," akasema.

"Masika."

Hawakushikana mikono. Shangazi alitoa kigoda, akakifuta kwa kiganja. Mama akakaa. Pikipiki zilikuwa zinapita karibu na magoti yetu, na kifaa changu sokoni hupokea kelele zote kwa pamoja, kwa hiyo niliwafuata kwa macho.

Nilidhani mama ataomba msamaha. Nadhani hata shangazi alidhani hivyo, na alikuwa amejiandaa kuukataa. Kidevu chake kilikuwa juu. Lakini mama aliuliza swali ambalo, sasa naelewa, alikuwa amelibeba tangu kabla sijazaliwa, na hakuweza kuliuliza kwa sababu hakuna anayemwuliza muuaji jambo kama hilo.

"Alilia?"

Kidevu cha shangazi kilishuka.

"Hapana. Hakulia hata kidogo."

"Ulikuwa umemulaza wapi?"

"Sikumulaza. Nilikuwa nimemubeba." Aligusa mgongo wake, chini ya mabega. "Tangu ulipoondoka mpaka uliporudi. Sikumuweka chini."

"Kwa mugongo."

"Kwa mugongo wangu. Nilikuwa natembea naye pale kwa migomba. Nilikuwa naimba."

Mama alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayepokea vitu kimoja kimoja na kuviweka mahali pake. Wote wawili walikuwa wanalia bila kujificha, wanawake wazima wawili katikati ya Birere mchana kweupe. Mteja mmoja alisimama, akavuta ncha ya kitenge cha kijani, akauliza kama kipo kingine cha rangi ile.

"Urudi kesho, mama," akasema shangazi, akijifuta uso kwa mkono wa nguo. "Leo niko na wifi yangu."